Mtega Fuko Anayehesabu Hatua za Wazee wa Ndama

Ukungu bado umelalia migomba ya Ndama, wilayani Karagwe, wakati Telesfori Mbonimpa anapopiga goti nyuma ya nyumba ya ajuza mmoja. Anafungua kopo lililofungwa kwenye mwimo wa mlango na kumwaga maharage kiganjani.

Anahesabu. Anasita, anakunja uso, anahesabu upya.

"Hamsini na mawili," anasema. Kisha anapaza sauti kuelekea jikoni: "Shikamoo, Ma Costansia!"

"Marahaba, mwanangu. Umeamka?"

"Nimeamka salama. Ila jana umefungua mlango huu mara hamsini na mbili. Ulikuwa unafukuzana na nani?"

Jikoni kinatoka kicheko chembamba cha mtu aliyekamatwa.

"Kwani hesabu ikizidi kuna ubaya? Si ndiyo mnayoitaka? Mwandikie Apolinary. Mwambie mama yake anarukaruka kama mwanambuzi."

Mbonimpa habishi. Anainamia majivu yaliyochungwa na kutandazwa kizingitini, laini kama unga, na kuyasoma kama mtu anayesoma barua ya nyumbani. Nyayo za kutoka ni sita. Za kuingia, sita. Kando ya kila wayo wa kulia kuna kitundu cha mkongojo.

"Mlango umecheza mara hamsini na mbili," anasema polepole, huku akitoa penseli nyuma ya sikio, "lakini miguu imepita mara kumi na mbili. Bibi alisimama hapahapa ndani akautikisa mlango."

Kwenye daftari lake la shule, lenye jedwali la kuzidisha mgongoni, anaandika: *12*. Mbele yake anaongeza maneno mawili: *ana akili*.

Huyu ndiye Mbonimpa, mwenye umri wa miaka arobaini na mitatu, mhudumu wa afya wa kijiji asiye na mshahara. Ana wazee kumi na saba wanaoishi peke yao, na kila baada ya siku mbili huwa amewazungukia wote kwa miguu. Hana kifaa kilichonunuliwa dukani. Ana uzi wa mkonge, mianzi, majivu, nta ya nyuki na maharage. Kwa vitu hivyo anajua nani amepika, nani amekunywa maji, nani amekwenda shambani na nani ameshinda kitandani, bila kumuuliza mtu hata neno moja.

Hilo la kutouliza ndilo msingi wa kazi yake yote.

"Ukimuuliza mzee wa hapa kama amekula, atakwambia amekula," anasema. "Ukimuuliza hali, atakwambia ni njema. Hata akiwa anakufa atakwambia ni njema, maana wewe ni mgeni, na mgeni hapewi njaa yako ajitwishe. Basi nikaacha kuuliza midomo, nikaanza kuuliza milango."

Kazi aliyozaliwa nayo si hii. Baba yake alitoka Burundi akiwa kijana, akaja kulima mashamba ya kahawa ya watu, na mtoto akakulia katika ufundi wa kutega fuko, mnyama yule mdogo wa chini ya ardhi anayekata mizizi ya mgomba hadi mkungu unaanguka haujakomaa. Mwenye kibanja, shamba la migomba na kahawa, humlipa mtegaji kwa mkia. Mkia mmoja sasa ni shilingi sitini, na mwezi mzuri humpa Mbonimpa mikia arobaini. Ndiyo inayonunua sabuni na chumvi. Chakula kinatoka shambani kwake na kwa mkewe, Vestina.

"Fuko humwoni," anaeleza, akichora kwa kidole mavumbini. "Unaweza kutega mwaka mzima usimwone hata mara moja akitembea. Unauona udongo alioupindua. Unajua ulipinduliwa leo au jana, alikuwa akienda au akirudi, ana haraka au hana. Mtego wenyewe ni fimbo iliyopindwa na uzi. Akigusa uzi, fimbo inaruka. Ni kitu kidogo tu kinachokwambia: amepita."

Na mzee?

"Mzee naye humwoni. Unamwona siku ya Jumapili amevaa kanzu yake safi. Huyo si yeye. Yeye ni yule wa Jumanne."

Lakini maarifa hayo hayakumjia kwa raha.

Mwaka 1988, alipokuwa na miaka mitatu katika uhudumu wa afya, alikuwa akimtembelea kila Ijumaa mzee Harerimana, rafiki wa marehemu baba yake, aliyevuka mpaka pamoja naye. Mzee alibaki peke yake baada ya wanawe wawili kufariki mmoja baada ya mwingine, kama ilivyokuwa katika nyumba nyingi za Kagera miaka hiyo. Kila Ijumaa walikaa barazani. Kila Ijumaa mzee alisema anakula vizuri, na Mbonimpa aliandika: *anakula vizuri*.

Ijumaa moja hakukuwa na mtu barazani. Ndani, mzee alikuwa amelala, mwepesi kama fungu la majani makavu, amekwisha kufa.

"Nikaenda jikoni nitafute maji ya kumwosha," Mbonimpa anasimulia, na sauti yake inashuka. "Nikaona buibui. Alikuwa amefuma utando kutoka figa hili hadi figa lile. Utando wa kazi ya siku nyingi, una mavumbi tayari. Mimi, mtu ninayejua fuko amepita saa ngapi, nimekaa hatua kumi kutoka jiko lile Ijumaa nne mfululizo, sikuinuka kulitazama. Buibui alijua. Mimi sikujua."

Hakutega fuko kwa mwezi mzima. Alipoanza tena, alitengeneza mtego wa kwanza usiokamata kitu.

Kwanza kilikuwa kipande cha nta, ukubwa wa punje ya hindi, kilichobandikwa ubavuni mwa figa. Moto ukiwashwa, nta huyeyuka. Isipoyeyuka siku mbili, Mbonimpa hufika na mkungu wa ndizi begani, akijifanya amepita tu.

Kisha ukaja ufito wenye mikato, wa kutumbukizwa mtungini kupima maji. Yakaja majivu ya kizingitini. Mwisho ukaja huo mwanzi wa maharage, anaojivunia kuliko vyote. Mwanzi umejazwa maharage; chini yake kuna kijiti chenye tundu la kutosha harage moja tu; uzi unakiunganisha kijiti na mlango. Mlango ukifunguliwa na kurudishwa, kijiti huenda na kurudi, na harage moja hudondoka koponi. Tiki!

Hategi bila ruhusa. Kila mzee huonyeshwa mtego na kuelezwa unasema nini. Watatu wamemkatalia, akawaacha. Wengine wamekubali kwa utani, na kijiji nacho hakikosi la kusema. Kilabuni, mbele ya vibuyu vya rubisi, pombe ya ndizi, humwita "mtega wazee". Kuna aliyemuuliza akimnasa mzee mmoja hulipwa kwa mkia upi.

"Waache wacheke," anasema Eugenia Rwezaura, muuguzi wa hospitali ya Nyakahanga ambaye huja Ndama kila mwezi na kulipitia daftari hilo. "Mimi nimesoma miaka minne. Mzee akija kwangu namwona dakika kumi, amekwisha kuoga, amekwisha kujiandaa, ananijibu vizuri. Telesfori ananiletea siku thelathini. Siku moja aliniambia, 'Sista, huyu babu anakunywa maji mara tatu ya wenzake.' Nikampima mkojo. Sukari."

Muuguzi huyo anacheka, kisha anaacha kucheka.

"Ila na yeye hukosea. Akuambie mwenyewe habari za mlango."

Habari za mlango ni habari za Ma Costansia.

Ana miaka sabini na minane, kwa kukisia. Mumewe amezikwa kibanjani, hatua thelathini kutoka jikoni, chini ya migomba aliyoipanda mwenyewe. Kati ya watoto watano aliowazaa amebaki mmoja, Apolinary, ofisa wa serikali mjini Bukoba. Huja nyumbani Pasaka na Krismasi.

Pasaka ya mwaka huu, 1992, Apolinary alikuta sufuria imeungua hadi tako lake limetoboka. Alikuta pia mama yake ana mchubuko kwenye paji la uso, na majirani wanaonong'ona kuwa bibi huongea na migomba. Hakulala. Asubuhi alitangaza kuwa anamchukua mama kwenda naye Bukoba, na kibanja atapewa mtu wa kukikodi.

Ma Costansia alikaa chini, pale pale uani, akashika shina la mgomba kwa mikono miwili.

"Aliniambia, 'Ng'oa huu kwanza,'" anakumbuka Apolinary. "Watu wanadhani mimi sina huruma. Nilikuwa na wenzangu wanne tumbo moja, wote nimewazika. Nikisikia simu ya ofisini inalia, najua ni habari ya mama. Mtu aishije hivyo?"

Mwenyekiti wa kijiji ndiye aliyeleta suluhu: Mbonimpa apime. Siku kumi na nne. Ikionekana bibi anajimudu, abaki. Ikionekana hajimudu, aende. Mama akakubali, mwana akakubali. Apolinary akarudi kazini, na hatima ya mwanamke mzee ikawekwa ndani ya kopo.

Mbonimpa alitega kwa uangalifu wote aliokuwa nao. Nta jikoni. Ufito mtungini. Mwanzi wa maharage na majivu kwenye mlango wa nyumba, mlango mzuri wa mbao uliopakwa rangi ya kijani, unaotazama barabara.

Siku saba zilipita. Alipofungua kopo, alikuta maharage matatu.

Majivu yalikuwa na nyayo chache tu, zilizovurugwa na kuku. Nta ilikuwa imeyeyuka, maji yalipungua na kujaa, lakini moto na maji, alijiambia, pengine ni kazi ya majirani. Mwanamke huyu hatoki nje. Mara tatu kwa juma zima! Mbonimpa aliona tena utando wa buibui wa Harerimana, akaingiwa na hofu. Hakusubiri juma la pili. Aliandika barua na kuipeleka Kayanga iende na basi la Bukoba: *Mama yako hatoki ndani. Njoo.*

Jioni hiyo, akila ndizi na maharage, alimweleza mkewe.

Vestina aliacha kumenya. "Umetega mlango gani?"

"Mlango wa nyumba. Mlango upi tena?"

"Wa kijani?"

"Wa kijani."

Vestina alimtazama mumewe jinsi mtu anavyomtazama ng'ombe aliyeingia kanisani. Kisha akaanza kucheka, akacheka hadi akaweka kisu chini.

"Telesfori! Mwanamke wa rika lile anapita mlango wa mbele kufanya nini? Aliingilia pale siku ya arusi yake. Atatolewa pale siku atakapobebwa. Katikati ya siku hizo mbili, maisha yake yote ni uani. Kuni uani, maji uani, shamba uani. Wa mbele ni wa wageni na wa wanaume. Umekaa juma zima unahesabu wageni!"

Mbonimpa anasema kijiko kilimshinda uzito. Yeye alikulia nyumba ya vibarua yenye mlango mmoja. Wote, baba, mama na kuku, walitokea hapo hapo. Nyumba za wenye vibanja alikuwa akiziingia kwa mbele, kama mgeni, na kutoka kwa mbele, kama mgeni. Miaka ishirini ametega mashamba yao, na hakuwahi kujua maisha ya nyumba zao yanapita wapi.

"Mtega fuko mzima," anasema, "nimetega mtego juu ya mti."

Barua ilikuwa imekwisha kuondoka.

Asubuhi yake, Alhamisi, akahamishia mitego uani. Hakuwa na siku kumi na nne tena. Alikuwa na siku tatu, maana Apolinary, mtu wa ofisi, angefika Jumapili.

Maharage yalidondoka kama mvua za vuli. Alhamisi kumi na manne. Ijumaa kumi na moja. Jumamosi kumi na sita. Majivu yakaanza kusema. Bibi alitoka alfajiri kwenda chooni, akarudi. Akaenda kisimani na kidumu kidogo, kwa njia ya migomba, akarudi na hatua fupi zilizodidimia kwa uzito. Akaenda kwenye kahawa. Kila siku, baada ya kazi, nyayo zilikwenda kaburini na kusimama pale, wayo kwa wayo, muda mrefu. Huko ndiko alikokuwa "akiongea na migomba."

Mbonimpa angeweza kuishia hapo. Alikuwa na ushindi mkononi. Lakini macho ya mtegaji hayajui kuishia nusu.

Aliona kuwa nyayo za asubuhi hunyooka kama uzi, na nyayo za saa kumi na moja jioni, jua linapoingia nyuma ya migomba, hupinda. Hubanana na ukuta. Aliinua macho ukutani na kuona alama nyeusi za masizi, za vidole vitano, zikifuatana kutoka mlango wa jikoni hadi mlango wa nyumba, kimo cha kiuno. Bibi alikuwa akipapasa. Na nta ya ubavuni mwa figa siku moja ilikuwa na alama ya kidole ndani yake: mtu alikuwa amegusa jiwe la moto kutafuta lilipo.

Miguu ilikuwa mizima, na kichwa kilikuwa kizima. Yaliyokuwa yakiondoka, kimyakimya, ni macho.

Jumapili, baada ya misa, pikapu ilisimama mbele ya mlango wa kijani. Apolinary aliingia na shati jeupe na uso wa mtu aliyekwisha kuamua. Mama yake alimpokea sebuleni. Hakumkumbatia. Alitoka na kurudi na kahawa za kutafuna, zile apewazo mgeni, katika kikapu kidogo, akamnyooshea kwa mikono miwili.

"Karibu, mgeni. Tafuna."

"Mama, mgeni tena?"

"Umeingilia mbele. Umekuja na gari. Hukupita kumwamkia baba yako. Anayefanya hivyo kwangu ni mgeni. Tafuna, halafu useme shida yako."

Apolinary alitafuna. Jirani mmoja aliyekuwa mlangoni alilazimika kwenda kucheka nje.

Ndipo Mbonimpa aliposimama na kusema mbele ya watu: "Nilikosea. Barua ile ni ya uongo, ingawa sikukusudia. Nilitega mlango usio wake."

"Umenitoa Bukoba kwa maharage matatu!" Apolinary alifoka. "Mafuta ya gari nimekopa! Na sasa unasema nini, anatoka au hatoki?"

"Twende uani."

Wakaenda wote. Mbonimpa alionyesha kopo, akaonyesha majivu, akamtembeza ofisa yule mwenye viatu vya kung'aa juu ya njia ya mama yake, hatua kwa hatua, hadi kisimani, hadi kwenye kahawa, hadi kaburini. Pale kaburini majani yalikuwa yamekanyagwa mahali pawili tu, ukubwa wa nyayo mbili. Apolinary alipatazama, akavua kofia.

Ma Costansia alikuwa amesimama nyuma yao, kidevu juu. "Umeona? Haya, rudi kazini kwako."

"Bado, Ma," alisema Mbonimpa.

Anasema hapo ndipo ulimi ulipokuwa mzito kuliko siku zote za maisha yake. Akinyamaza, bibi angebaki na heshima yake, na siku moja angeanguka kisimani. Akisema, angekuwa amemvua nguo mbele ya mwanawe. Alimkumbuka Harerimana, akasema. Alionyesha ukuta. Vidole vitano, vidole vitano, vidole vitano.

Bibi aligeuka rangi.

"Nilikuruhusu upime miguu," alisema kwa sauti ya chini. "Nani alikuruhusu macho?"

"Hakuna, Ma."

"Basi wewe ni mwizi."

"Ndiyo, Ma. Nisamehe. Lakini sufuria haikuungua kwa sababu umesahau. Iliungua kwa sababu hukuona maji yamekauka. Hayo ni mambo mawili. La kwanza halina dawa. La pili huenda lina dawa."

Apolinary, aliyekuja kubeba mama na vitanda, akakaa juu ya kinu uani, akalia kama mtoto. Alikuwa amedhani akili za mama yake zimeanza kwenda, na alikuwa amejizuia kulisema neno hilo tangu Pasaka.

Siku iliyofuata muuguzi Eugenia alifika, akainua kope za bibi kwa kidole na kutazama. Mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kushoto limekomaa. Lafaa kupasuliwa.

Makubaliano mapya yaliandikwa katika daftari la Mbonimpa, na mwana akaweka sahihi. Mama abaki kwake. Daftari lisomwe kila mwanzo wa mwezi. Kamba ya mkonge ifungwe kutoka mlangoni hadi jikoni na hadi chooni, ya kushika giza linapoanza. Apolinary aliifunga mwenyewe, akaharibu viatu. Na jicho la kushoto lipelekwe hospitali, siku itakapopatikana nafasi.

Kwa siku tisa Ma Costansia hakumjibu Mbonimpa shikamoo yake. Mbonimpa alifika kila siku, akaamkia, akahesabu, akaondoka. Siku ya kumi alikuta harage moja limewekwa juu ya kizingiti, limechemshwa, na chumvi kidogo. Akalila. Ndani bibi akauliza, "Limeiva?" Mambo yakaisha.

Wiki kadhaa zimepita tangu siku ile, na nafasi ya hospitali imepatikana kwa leo. Ndiyo maana ya maharage hamsini na mawili ya jana.

"Anaogopa," Mbonimpa ananong'ona, akifunga kopo. "Anadhani tukimtoa leo, Apolinary atapakia vitu nyuma yetu. Alitaka hesabu ya mwisho iwe kubwa, kitabu kimtetee asipokuwepo."

Saa mbili pikapu inasikika barabarani. Inasimama mbele ya mlango wa kijani. Ma Costansia, amevaa kitenge cha sikukuu na kujifunga kingine kichwani, ameketi jikoni na mkongojo magotini, na haonyeshi dalili ya kuinuka. Vestina, aliyekuja kumsindikiza, anamshika bega.

"Mama, gari limefika."

"Nimesikia. Limefika kwa nani?"

Mlango wa kijani haubishwi hodi. Badala yake zinasikika hatua zikizunguka nyumba, zikipita kwenye migomba, zikikawia kule kaburini. Kisha Apolinary anatokea uani, suruali imelowa umande hadi magotini.

"Shikamoo, mama."

Bibi anageuzia sikio upande ilikotoka sauti. Uso wake, ambao tangu asubuhi ulikuwa umefungwa kama ngumi, unaachia.

"Marahaba, mwanangu. Leo umekuja nyumbani."

Anainuka. Lakini mlangoni anasimama, na kwa kidole anapapasa mwimo hadi anapolifikia kopo.

"Telesfori. Limo harage?"

"Nimelimwaga, Ma. Tupu."

"Mwanzi?"

"Umejaa. Umetegwa."

"Na ule wa mbele?"

Mbonimpa anashangaa. "Wa mbele siutegi tena, Ma. Mlinifundisha, wewe na Vestina."

"Utege leo. Milango yote miwili." Anamgeukia mwanawe, na ingawa macho hayamwoni vizuri, anayatuliza juu yake sawasawa. "Mimi nalala Nyakahanga siku tano. Nikirudi nitahesabu. Nikikuta harage hata moja, nitajua nani ameingia kubeba kitanda changu."

Apolinary anafungua mdomo, anaufunga. Kisha anacheka, anacheka hadi analazimika kushika kamba ya mkonge aliyoifunga mwenyewe. "Nimetegwa," anasema. "Mama amenitega."

Mbonimpa anakwenda mbele kutandaza majivu. Akiwa amechuchumaa pale, anasema amekuwa akifikiria jambo. Kuna vijiji vingine, Bugene na kwingine, vyenye wazee wa namna hii, na Eugenia amemwomba awafundishe wahudumu wengine. Yeye amekubali kwa sharti moja: wawe wawili wawili, mwanamume na mwanamke. Vestina ndiye atakayeanza. Tayari ameshika nyumba sita kati ya zile kumi na saba. "Mwanamume peke yake atatega mlango wa kijani," anasema. "Na mimi nataka tukipata mzee asiyekula, tumjue siku ya pili, kabla ya buibui."

Nyuma ya nyumba, Ma Costansia anatolewa kwa mlango wa uani, kama alivyotaka, gari likiwa limezungushwa hadi mahali linapoweza kufika. Mlango unafunguliwa kwa ajili yake na kurudishwa. Tiki!

Wote wanasimama. Bibi ameisikia.

"Hiyo ni ya kutoka," anasema. "Iandike, kisha imwage. Inayofuata itakuwa ya kurudi, na nitaihesabu kwa macho yangu."

Mbonimpa anatoa penseli nyuma ya sikio. Anaandika *1*.